Mipaka ya Upanga: Boma la Karema na Majeshi Yakaayo Ugenini

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo watumishi wa Neno huulizwa mara kwa mara, hasa katika sharika zilizo upande wa Ziwa Tanganyika, nalo ni hili: kwa nini jeshi lenye silaha bora, likiisha kuishinda nchi ya kigeni, hushindwa kuitawala kwa muda mrefu? Swali hili si la wanasiasa peke yao. Katika sharika za Mpanda wamo wazazi ambao wana wao wamevaa sare na kupelekwa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wamo pia watu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao waliikimbia Burundi mwaka 1972 wakifukuzwa na bunduki za jeshi la nchi yao wenyewe. Wote hawa huketi katika benchi moja siku ya Jumapili, na wote huisikiliza sala ya Kanisa zima wakati mchungaji anapowaombea wakuu wa nchi na majeshi. Tukiomba bila kulijua tuombalo, twaweza kumfariji mmoja na kumjeruhi aliyeketi karibu naye.

Jibu la haraka ambalo wanafunzi wetu hulitoa darasani ni Warumi 13: mamlaka imetoka kwa Mungu, nayo haichukui upanga bure. Jibu hilo ni kweli, lakini halijibu swali letu. Mtume anaeleza upanga ulitoka wapi na umewekwa kwa kazi gani. Hasemi kwamba upanga waweza kila kitu. Jambo hili la pili Martin Luther alilishughulikia mwaka 1523 katika kitabu chake juu ya mamlaka ya kidunia. Alikiandika wakati baadhi ya watawala wa Ujerumani, miongoni mwao Georg wa Saxony, walipopiga marufuku tafsiri yake ya Agano Jipya na kuwaamuru raia waisalimishe. Luther alieleza kwamba sheria za mtawala zinafika kwenye mwili, mali na mambo ya nje, wala haziwezi kupita hapo. Roho ya mtu haitawaliwi na yeyote ila Mungu. Akaongeza hoja ya kiutendaji ambayo mara nyingi tunairuka: mtawala akitumia nguvu katika mambo ya imani, atawalazimisha walio dhaifu kusema uongo kwa vinywa vyao, na mioyo yao itabaki pale pale ilipokuwa.

Sisi tumezoea kulisoma fundisho hili la falme mbili kama ukuta wa kulilinda Kanisa lisiingiliwe na serikali. Ndivyo lilivyo, lakini pia ni maelezo ya jinsi upanga wenyewe unavyofanya kazi. Linatuambia mkono wa askari unafika wapi na unakomea wapi. Yatupasa kukumbuka kwamba Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kuwa askari na kupigana vita vya haki bila kutenda dhambi. Kwa hiyo hatuandiki hapa dhidi ya askari. Tunauliza tu ni kazi gani tusimtwike askari, kwa kuwa haimo katika uwezo wa bunduki yake.

Mfano wa kwanza tunao katika mkoa wetu huu wa Katavi. Safari ya zaidi ya kilometa mia moja kutoka Mpanda kuelekea magharibi humfikisha mtu Karema, penye ufuko wa ziwa na siku hizi penye bandari mpya. Mwezi Agosti 1879 alifika hapo Kapteni Cambier, Mbelgiji, akitumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ambayo Mfalme Leopold II aliianzisha Brussels mwaka 1876. Kwa maneno, jumuiya hiyo ilikuwa ya elimu na ya kukomesha biashara ya watumwa. Kwa matendo, ilijenga boma lenye kuta nene na matundu ya kupitishia bunduki, ikaweka humo askari wa kukodiwa kutoka pwani. Hakuna aliyewaita, isipokuwa kwa mapatano ya ardhi waliyofanya na mtawala wa mahali pale. Na ni vigumu kuamini kwamba pande zote mbili zilielewa mapatano hayo kwa namna moja.

Kilichofuata kinafundisha kuliko vita vyenyewe, maana vita vikubwa havikuwapo. Boma lilijengwa karibu na maji, penye kinamasi. Lakini mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka miaka ile ile na kuanza kuyatoa maji ya ziwa kwa nguvu. Basi ziwa likarudi nyuma, na boma lililokusudiwa kuwa la bandari likaachwa nchi kavu. Homa iliwaua wakuu wake. Kapteni Ramaeckers alizikwa hapo mwaka 1882. Njia ya kutoka Tabora haikuwa mikononi mwao. Mwezi Juni 1880 Carter na Cadenhead, waliokuwa wakimtumikia Mfalme Leopold, waliuawa Mpimbwe, ndani ya mkoa wetu, msafara wao ulipokutwa katikati ya vita vya Mirambo na washirika wake. Huyu Carter ndiye aliyepewa kazi ya kuwaleta tembo wanne wa Kihindi waliofundishwa kubeba mizigo, walioteremshwa pwani karibu na Dar es Salaam mwaka 1879. Ni mmoja tu aliyefika Karema. Wazungu hao walileta tembo kutoka Bara Hindi katika nchi iliyojaa tembo, na hata hivyo mizigo yao ikaishia vichwani mwa wapagazi.

Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo katika majeshi makubwa hufichika. Boma la Karema halikutekwa na adui hata siku moja. Lakini kila asubuhi waliokuwamo walihitaji chakula, nacho kilikuwa mashambani mwa wenyeji. Walihitaji wapagazi, nao walikuwa vijana wa wenyeji. Walihitaji kujua ni nani anayekuja na kwa nia gani, na habari hizo zilikuwa katika lugha ambayo maofisa hawakuijua. Bunduki yaweza kumlazimisha mtu kuleta mtama leo. Haiwezi kumfanya apande mtama mwakani asipotaka, wala kumfanya aseme kweli akiulizwa ni nani aliyepita usiku. Luteni Storms, mkuu wa mwisho wa boma hilo, alijaribu kuuvuka mpaka huu kwa ukali. Mwaka 1883 alijenga kituo cha pili huko Mpala, ng'ambo ya ziwa, na mwezi Desemba 1884 watu wake wakamwua mtawala wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Fuvu la Lusinga likachukuliwa hadi Ubelgiji. Mwaka uliofuata Storms aliondoka, na vituo vyote viwili vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Wakuu wa Ulaya walikwisha kugawana ramani, na upande wa Karema ukawa fungu la Wajerumani.

Baada ya hapo, mwaka 1889, alifika Karema mtu mwingine. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kufundishwa utabibu huko Malta. Alikaa Karema kama tabibu na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Hakuwa wa Kanisa letu, na hatumtaji ili kuwatakasa wamisionari wote. Tunamtaja kwa sababu yeye naye alikuwa mgeni, tena mgeni kuliko Wabelgiji kwa umbali wa njia aliyoipitia, lakini alikaa zaidi ya mara kumi ya muda wa boma. Watu walimwendea kwa miguu yao wenyewe. Kifungu cha 28 cha Ungamo la Augsburg kinapotenganisha uwezo wa Neno na uwezo wa upanga hakisemi kwamba uwezo wa Neno ni mdogo. Kinasema ni wa aina nyingine.

Msomaji mwenye bidii atapinga hapa, na kwa haki. Atasema: Warumi waliikalia Uyahudi karne nyingi, mbona hawakushindwa? Ni kweli kwamba Roma haikuondoka. Lakini tuangalie ilivyokaa. Tangu mwaka wa 6 baada ya Kristo, Uyahudi ilitawaliwa na maliwali wa Kirumi; mwaka 66 uasi ukazuka; mwaka 70 Yerusalemu na hekalu vikateketezwa; na mwaka 132 uasi mwingine ukalipuka, ukadumu miaka mitatu. Baada ya zaidi ya karne moja ya kukaliwa, wajukuu walikuwa tayari kufa kama babu zao. Dola ilibaki na nchi baada ya kuwaua, kuwauza na kuwatawanya watu wake wengi. Huko ni kuitwaa ardhi, si kuwatawala watu. Bwana wetu alifundisha ndani ya hali hiyo. Anaposema katika Mathayo 5:41 juu ya mtu anayelazimishwa kwenda maili moja, neno la Kigiriki angareuo, lenye asili ya Kiajemi, ni neno la upagazi wa kulazimishwa: askari amemkamata mpita njia abebe mzigo. Wazee wa nchi hii, waliokuwa na baba na babu waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, walilielewa andiko hilo upesi kuliko wafafanuzi wengi wa Ulaya. Maili ya kwanza ni ya askari. Ya pili hawezi kuiamuru, maana mbebaji ameitoa mwenyewe.

Juu ya utawala wa Wajerumani hatutakaa sana, kwa kuwa habari zake zinajulikana. Ila kwa Walutheri kuna deni ambalo haifai kulinyamazia. Misheni ya Leipzig iliingia Kilimanjaro mwaka 1893, baada ya wamisionari wa Kianglikana kulazimika kuondoka Moshi na baada ya jeshi la Wajerumani kumshinda Mangi Meli. Mlango wetu ulifunguliwa kwa kitako cha bunduki. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Kisha Kapteni Johannes akawaadhibu Wameru na Waarusha kwa moto na kwa kunyang'anya mifugo. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli na wenzake, jumla watu 19, walinyongwa Moshi. Ni upuuzi kusema kwamba Injili ilikubaliwa kaskazini kwa sababu ya kamba hizo. Ilikubaliwa baadaye na polepole, mashuleni na majumbani, kwa kazi ya walimu wenyeji ambao majina yao mengi hatukuyaandika.

Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wajerumani walikuwa na askari wasiozidi elfu chache katika nchi ya mamilioni. Kwa hiyo walitawala kwa maakida na majumbe, na kwa kodi na mashamba ya pamba ya lazima. Wananchi walipokataa, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vikashindwa kuzimwa kwa risasi peke yake, na jeshi likachoma vyakula na mashamba. Wanahistoria hukadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Na baada ya ushindi huo, gavana mpya, Rechenberg, aliyeanza kazi mwaka 1906, alilazimika kulegeza sera zile zile ambazo jeshi lilikuwa limezitetea. Mshindi alitoa baada ya makaburi kile ambacho angeweza kukitoa kabla yake.

Hata hapa mtu aweza kusema: hao walikuwa wakoloni, na nia yao ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Je, jeshi lenye nia njema? Hapa inatubidi kujitazama sisi wenyewe Watanzania, na kwa maoni yetu huu ndio mfano mgumu kuliko yote. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua na kupora. Vita tuliyopigana ilikuwa ya haki kwa kipimo chochote cha Ungamo letu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na wananchi wake wakawashangilia wanajeshi wetu barabarani. Hakuna shaka juu ya furaha ile.

Lakini kuanzia siku ya pili yake kazi ilibadilika. Yusuf Lule, aliyekubaliwa katika mkutano wa Waganda uliofanyika Moshi mwezi Machi, alidumu madarakani siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980 na tume ya kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Katika mabadiliko hayo yote jeshi letu lilikuwapo, likilinda barabara na majengo, na kila kundi la Waganda liliuliza Dar es Salaam inamtaka nani. Jeshi likinyamaza, ukimya wake ulihesabiwa kuwa uamuzi; likitenda, lilihesabiwa kuwa mtawala. Usiku, mauaji yaliendelea Kampala ijapokuwa mchana ulikuwa mtulivu. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Mwalimu Nyerere alishutumiwa na baadhi ya viongozi wenzake. Hapa nyumbani wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua kwamba mkanda haukulegezwa miezi hiyo ilipokwisha.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote, lakini matokeo yake yakabishaniwa. Tarehe 6 Februari 1981, wanajeshi wetu wakiwa bado nchini humo, Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba, na vita ya msituni ikaanza. Katika mwaka huo huo wa 1981 majeshi yetu yalirudi nyumbani. Obote alipinduliwa na jeshi lake mwenyewe Julai 1985, na Januari 1986 Museveni akaingia Kampala. Wako wanaosema tuliondoka mapema mno. Hatukubaliani nao. Miaka miwili ilitosha kuonyesha kwamba tuliweza kumwondoa dhalimu, lakini hatukuweza kuwapatanisha Waganda kwa niaba yao. Miaka kumi ingeonyesha jambo lile lile kwa gharama kubwa zaidi, na pengine ingewageuza waliotushangilia kuwa adui zetu. Kuondoka kule hakukuandikwa katika nyimbo kama ushindi ulivyoandikwa, lakini kulihitaji akili zaidi.

Majirani waliochagua njia nyingine tuliwaona baadaye. Tangu Agosti 1998 majeshi ya Rwanda na Uganda yaliikalia mashariki ya Kongo, na mwezi Juni 2000 yakapigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani, mji usiokuwa wa yeyote kati yao. Wakimbizi walivuka ziwa hadi Kigoma. Vijana wa vijijini wakajiunga na Mai-Mai, na kila operesheni ya kuwasaka iliwaongezea wafuasi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa mamlaka iliyoikalia Ituri, na kwa hiyo iliwajibika kwa maovu yaliyotendwa huko hata pale ambapo si askari wake walioyatenda. Februari 2022 mahakama hiyo ikaamuru fidia ya dola milioni 325. Wanafunzi wa maadili wausome uamuzi ule wa 2005 kwa makini. Unasema kwa lugha ya sheria kile ambacho mchungaji angekisema kwa lugha ya Sheria na Injili: anayeikalia nchi huyachukua mabegani mwake yote yanayotokea ndani yake, ijapokuwa hana nguvu ya kuyatengeneza.

Tangu mwaka 2013 askari wetu nao wamekuwa Kongo, kwanza chini ya Umoja wa Mataifa. Desemba 2017 Watanzania zaidi ya kumi waliuawa kwa siku moja huko Semuliki. Kisha kikaja kikosi cha nchi za kusini mwa Afrika, SADC, kilichoingia Desemba 2023. Goma ikatwaliwa na M23 Januari 2025, na mwezi Machi mwaka huo wakuu wa SADC wakaamua kukiondoa. Hawa hawakwenda kuikalia nchi ya mtu. Walikwenda kwa kuitwa na serikali yake, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo mpaka wa upanga ni ule ule. Mzazi anayeuliza kama mwanawe alikufa bure hastahili kupewa hotuba juu ya siasa za madini. Aambiwe kwamba kumkinga mwanakijiji asichinjwe usiku mmoja ni kazi halali ya upanga, nayo ilitimizwa usiku ule. Amani ya Kivu haikuwa mzigo wa mwanawe peke yake, na yule aliyemtwika mzigo huo atatoa hesabu.

Kuhusu sala ya Kanisa, tunapendekeza mambo ambayo baadhi ya sharika zimekwisha kuyafanya. Wanajeshi waombewe kwa kazi yao hasa, yaani kuwalinda wasio na silaha, na kurudi kwao; neno ushindi liachwe. Wakuu wa nchi waombewe hekima ya kujua siku ya kuwarudisha. Na wenyeji wa nchi wanakokaa askari hao watajwe wazi, kwa jina la mahali pao, Ituri, Goma, Uvira, wala wasifichwe ndani ya neno "huko". Pale ambapo usharika una watu wa Katumba au wa Mishamo, mmoja wao aombwe kuiongoza sehemu hiyo ya sala, kwa Kiswahili au kwa Kirundi, kama atakavyoona mwenyewe.